Uzito Peke Yake Hautoshi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya ardhi na mizigo ipitayo juu yake. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa wengi wetu hushika kalamu katika afisi za reli, bandari na ujenzi, na katika madaftari yetu safu ya uzito haikosi kujazwa. Yafaa tujue kwamba uzito peke yake hautoshi.

Tutazame ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Mtu akisimama katikati, ubao hunepa. Akishuka, hurudia umbo lake. Ardhi nayo hunepa vivyo hivyo, ingawa macho hayaoni. Mzigo ukiwekwa polepole, ardhi hubonyea kidogo, ikatulia. Lakini mzigo ukishuka kwa ghafula, au ukibadilika-badilika, nguvu yake huenea kwa mawimbi, kama maji yaliyotupiwa jiwe.

Mwaka 1885 mwanachuoni wa Uingereza, Lord Rayleigh, alionyesha kwa hesabu kwamba liko wimbi litambaalo juu ya uso wa kitu kigumu chenye kunepa, nalo hufifia kadiri tushukavyo chini. Mwaka 1904 Horace Lamb akahesabu matokeo ya pigo moja juu ya uso huo: mbali na pigo hutangulia mitetemo midogo, kisha hufika wimbi la Rayleigh, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Wimbi hilo lina mwendo wake. Katika mwamba mgumu huenda kilometa nyingi kwa dakika moja; katika udongo laini uliojaa maji huenda makumi ya meta tu kwa sekunde. Hapo ndipo penye hatari.

Huko Ledsgård, kusini ya Göteborg katika nchi ya Uswidi, reli ilipitishwa juu ya udongo laini mno. Treni zilipokwenda polepole, ardhi ilibonyea kidogo chini ya magurudumu. Katika miaka ya 1990 zilipokaribia kilometa 200 kwa saa, yaani kama meta 55 kwa sekunde, ziliyafikia mawimbi ya udongo ule. Mawimbi yasipate kuzitangulia, yakarundikana, na tuta la reli likatikisika kupita kiasi. Uzito wa treni haukuongezeka hata ratili moja.

Wakuu wa reli wakapunguza mwendo. Kisha, mwaka 2000, udongo ukaimarishwa kwa nguzo za chokaa na saruji zilizochanganywa humo ardhini. Maana udongo ukiwa mgumu zaidi, wimbi lake huenda mbio zaidi, na treni hailifikii.

Basi, ndugu, ikija amri ya kupunguza mwendo penye kinamasi, tusidhani kuwa ni usumbufu mtupu. Na tuandikapo uzito wa mzigo, tuulize pia: utapita kwa mwendo gani, na juu ya ardhi gani? Pasipo majibu hayo mawili, tarakimu yetu ni nusu ya ushahidi.