Tasnifu ya Regina Jonas



Mliniomba nizungumzie wanawake katika utumishi. Kwa kuwa ninyi wahitimu wa theolojia mmekabidhi tasnifu juzi tu, nitawasimulia habari ya tasnifu moja iliyoandikwa Berlin mwaka 1930 na Regina Jonas, Myahudi aliyefiwa na baba angali mtoto. Aliuliza: je, kwa sheria ya Kiyahudi, mwanamke aweza kuwa rabi?

Angeweza kusema sheria imepitwa na wakati. Hakusema. Aliingia ndani ya Talmudi, akaipekua kwa kanuni zile zile walizozitumia wanaume, akatoka na jibu: kinachozuia ni dhana na kutozoea, si sheria. Msimamizi wake, Eduard Baneth, aliikubali kazi hiyo, lakini akafariki mwaka huo huo, na mrithi wake hakutaka kusikia habari ya rabi mwanamke. Jonas akaambulia cheti cha ualimu wa dini. Akafundisha, akasubiri. Tarehe 27 Desemba 1935, mjini Offenbach, Rabi Max Dienemann alimtahini na kumwidhinisha kuwa rabi.

Mimbari je? Sinagogi kubwa hazikumpa. Alitumwa kwa wagonjwa na wazee, kazi ambazo, mniwie radhi waheshimiwa, hata kwetu huachiwa akina mama. Wanazi walipowafunga marabi, na wengine wakakimbilia ng'ambo, ndipo jumuiya zilizobaki ukiwa zikamwita aje ahubiri.

Mwaka 1942 alipelekwa pamoja na mama yake kwenye kambi ya Theresienstadt. Huko alishirikiana na daktari Viktor Frankl: waliposhushwa watu kwenye treni, wamechanganyikiwa, yeye aliwapokea na kuzungumza nao. Oktoba 1944 akapelekwa Auschwitz, akauawa.

Frankl alinusurika. Leo Baeck, aliyekuwa mwalimu wa Jonas, naye alinusurika. Wote wawili waliandika na kuhutubu miaka mingi. Juu ya Jonas, karibu kimya kitupu. Hilo linaniuma kuliko ule mlango aliofungiwa chuoni. Sally Priesand alipoidhinishwa kuwa rabi huko Marekani mwaka 1972, wengi walimwita rabi mwanamke wa kwanza. Ukuta wa Berlin ulipokwisha kuanguka, ndipo mtafiti Katharina von Kellenbach alipozikuta nyaraka za Jonas kwenye hifadhi, Berlin Mashariki, tasnifu ikiwemo.

Mkuu wa Chuo, nimedokezwa kwamba tasnifu za mwaka huu bado zimo kwenye maboksi ofisini kwa msajili. Kabla sijatunuku cheti cha kwanza, naomba utuambie hapa, mbele ya wazazi, ni lini zitaingia maktaba.