Harufu Nzuri Si Usafi: Kupunguza Vichochezi vya Mzio Nyumbani



Mada yetu ya leo ni usafi wa nyumba na mzio, yaani hali ya mwili kupambana na kitu ambacho kwa mtu mwingine hakina madhara. Dalili zake mnazifahamu: chafya za mfululizo alfajiri, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na, kwa mwenye pumu, kifua kubana usiku wa manane. Familia nyingi zikiona dalili hizi hukimbilia dukani kununua dawa za kupulizia na manukato ya nyumba. Sisi tunasema: harufu nzuri si usafi. Kabla ya kutoa fedha, mlaji na ajue anapambana na nini.

Tuanze na kitanda. Katika miaka ya 1960, watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba vumbi la nyumbani huwadhuru wenye mzio hasa kwa sababu ya utitiri, mdudu wa takriban theluthi moja ya milimita ambaye hula magamba ya ngozi yetu. Utitiri haunywi maji, bali hufyonza unyevu wa hewani. Katika nchi za baridi watu hushauriwa kukausha hewa ya nyumba hadi chini ya asilimia 50 ya unyevu. Ushauri huo si rahisi kuutekeleza Dar es Salaam, Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Ndiyo maana vita vyetu viko kwenye godoro, mto na shuka.

Kinachodhuru zaidi si mdudu mwenyewe bali kinyesi chake. Kwa hiyo kumuua hakutoshi. Ni lazima mabaki yake yaondolewe. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi. Asiye na mashine achanganye sufuria mbili za maji yaliyochemka na moja ya maji baridi, aloweke nguo, na azigeuze kwa mti, watoto wakiwa mbali. Godoro na mito vianikwe kwenye jua kali, kisha vikung'utwe nje na mtu asiye na mzio. Mwenye uwezo anunue mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, wenye zipu, unaofunika godoro pande zote sita. Ule unaofunika juu pekee hausaidii vya kutosha. Tahadhari moja: chandarua chenye dawa kisifuliwe kwa maji moto wala kuanikwa juani. Kifuliwe taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kikauke kivulini, na kiendelee kutumika, kwani malaria haisubiri.

Adui wa pili ni mende. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 476 wenye pumu waishio mijini. Waliokuwa na mzio wa mende, na ambao vyumba vyao vilikuwa na vichochezi vingi vya mende, walilazwa hospitalini zaidi ya mara tatu ya wenzao. Mende hafuati uchafu tu. Hufuata maji na chakula. Vyombo visilale bila kuoshwa, taka zifunikwe, bomba linalovuja litengenezwe na nyufa za jikoni zizibwe. Baada ya hapo dawa kidogo hutosha. Kabla ya hapo, hata katoni nzima ni fedha iliyotupwa.

Kuvu ukutani ni ishara ya maji yaliyokosa njia. Ukuta ufutwe kwa maji na sabuni, ukaushwe, na paa au bomba linalovuja lirekebishwe. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuuficha ugonjwa tu.

Ama kuhusu kufagia, ufagio mkavu hurusha vumbi hewani likaelea. Sakafu ya saruji au vigae ni neema kwa mwenye mzio: idekiwe kwa tambara lenye unyevu, na kitambaa kama hicho kipitishwe kwenye kabati, madirisha na mapanga ya feni. Mwenye mzio atoke chumbani wakati wa usafi na asirudi kabla ya nusu saa. Paka asilale chumbani mwake. Moshi wa udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma nao huchokoza mapafu yenye pumu, ingawa wenyewe si vumbi.

Sasa tuzungumzie dukani. Maandishi yasemayo kwamba bidhaa huua asilimia 99.9 ya vijidudu huhusu bakteria. Hayasemi lolote kuhusu kinyesi cha utitiri. Kabla ya kulipa, jiulizeni: bidhaa hii huondoa nini, au hufunika harufu tu? Lebo yake inasomeka, na tarehe ya mwisho wa matumizi ipo? Je, maji na sabuni visingetosha? Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo, msiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Na jambo hili tunalisisitiza: msichanganye kamwe klorini ya kufulia na dawa ya chooni yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kumziba pumzi hata mtu mzima mwenye afya. Ikitokea, tokeni nje mara moja mpate hewa safi, na mwenye kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitalini.

Usafi haubadilishi matibabu. Mtoto mwenye pumu aendelee na dawa aliyoandikiwa na daktari, hata nyumba iking'aa. Lakini fedha zikiwa chache, zianzie kitandani, kisha kwenye bomba linalovuja, kisha kwenye pipa la taka. Manukato yaje mwisho, au yasije kabisa.