Chumba Kimeandikwa Maabara, Maji Hamna

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na wajumbe wa kamati za shule, Tunduma



Tumeitwa tuseme juu ya majengo ya shule. Majengo mapya yana wasemaji wengi, na kila mwenye mkasi wa kukatia utepe hupenda kuyasemea. Hayo leo tutayaacha. Twataka kusema juu ya vyumba ambavyo vimekwisha kusimama, vyenye kuta na bati, vilivyoandikwa MAABARA juu ya mlango kwa rangi nzuri, na ambamo mtoto aweza kupitisha miaka yake minne ya sekondari asione hata siku moja maji yakitoka bombani.

Mji wetu mwaujua. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapa kwenda Zambia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo yapita hapa. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilitukuta hatujatimia laki moja. Ile ya 2022 ikatukuta tumepita laki mbili. Malori yapanga foleni usiku na mchana, na kando ya malori zimeota gereji, na ndani ya gereji wamo watoto wetu.

Basi tazameni jambo hili. Lori likikwama kwa breki, kijana wa gereji huingia chini yake na spana, naye ajua kwa masikio mahali upepo unapovuja. Ajua kwamba upepo ukiisha, breki ya springi hujifunga na gari hukataa kwenda. Walakini ukimwuliza kwa nini, hana maneno. Ng'ambo ya barabara, mita mia mbili tu, yuko mwenzake wa Kidato cha Pili ambaye amenakili daftarini maana ya kani na maana ya mgandamizo, akapata alama zake, lakini ukimpeleka chini ya lori lile hawezi kuonyesha hata bomba la upepo ni lipi. Watoto hawa wawili ni wa mama mmoja, pengine. Elimu yao imekatwa vipande viwili na barabara imepita katikati. Kazi ya maabara na karakana ya shule ni kuviunga vipande hivyo.

Mwalimu Nyerere alikuwa akitukumbusha kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Mkoloni hakuhitaji mwafrika ajuaye mashine; alihitaji karani, na mtu wa kubeba mizigo ya karani. Mwaka 1967 ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea, ikasemwa kwamba kichwa na mkono visome pamoja. Jambo jema. Lakini tuseme kweli, maana hapa hatukuja kupambana na ukweli: katika shule nyingi, kazi ya mkono iligeuka kuwa jembe la adhabu na ndoo ya maji ya mwalimu. Wazazi wakaiona, wakaichukia, na hata leo yuko mzee anayesema, "Mimi sikumpeleka mwanangu shule akashike spana." Mzee huyo hatumlaumu. Alichokiona kikiitwa kazi ya mkono hakikuwa na elimu ndani yake.

Palikuwa na mahali ambapo mambo yalikwenda vizuri zaidi. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, na hapo Mbeya shule ya Iyunga, zilikuwa na karakana. Mwaka 1986 kikaanza Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho tangu 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kipo kwa jirani. Lakini kijana wa Tunduma anayefika pale bila kushika kifaa cha kupimia unene wa waya huanza mbio akiwa nyuma ya wenzake kwa miaka minne.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Amri hiyo ilikuwa ya haki, nasi twaisifu. Nchi nzima watu walichangia, wengine kwa moyo, wengine kwa kusukumwa na watendaji. Kuta zikapanda. Lakini ripoti zilizokwenda juu zilihesabu vyumba, hazikuhesabu masomo yaliyofanyika humo. Baadhi yakabaki maboma, yakaota nyasi kwenye lenta. Mengine yakaezekwa, yakapigwa rangi, yakatiwa kufuli, kisha yakawa stoo ya madawati mabovu.

Baadaye zikaja fedha nyingine. Shule kongwe kama Pugu, Ilboru, Mzumbe na Tabora zikakarabatiwa. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa wakati wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zikajengwa pamoja na mengineyo madarasa 15,000. Shule kongwe hatuzionei wivu. Zilikuwa zimechakaa na zastahili. Lakini watoto wengi wa mji huu hawaendi Ilboru. Waenda shule ya kata.

Na sasa saa imefika. Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta mkondo wa amali: mtoto asome na fani, atoke na ujuzi wa kufanya kitu. Je, atajifunzia wapi kuchomelea, ndani ya chumba chenye swichi moja ya taa? Wenzetu wa Kenya walipoanzisha sekondari ya chini mwaka 2023 waliiweka ndani ya shule za msingi, na moja ya malalamiko ya kwanza ya walimu na wazazi lilikuwa ni hili hili, kwamba maabara hazipo. Amali ikifundishwa kwa chaki itakuwa jina jipya la kitu kile kile.

Sasa tuingie ndani ya chumba chenyewe, tuone kinataka nini.

Kwanza tazameni juu kabla ya kununua rangi. Mchwa wakiwa ndani ya kenchi, rangi ya ukutani ni kumpaka mafuta mgonjwa wa tumbo. Tumeona ukarabati unaoanza na rangi kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani. Tusifanye hivyo.

Kisha maji. Bila maji hakuna kemia, na hakuna usalama: mtoto akimwagikiwa tindikali dawa yake ya kwanza ni maji mengi, mara hiyo hiyo, kwa dakika nyingi. Watu husema bomba la mji halitoki kila siku. Sawa. Lakini mvua yetu yaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na bati tunalo. Hesabu ni ya mtoto wa darasa la sita: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hutoa lita 1,000, toa kidogo kinachorukia nje. Tanki la lita 10,000 litajaa kwa milimita 100, nazo twazipata mapema katika masika yetu. Kinachotakiwa ni mifereji ya bati, mabomba na tanki lililoinuliwa juu ya mnara wa tofali ili maji yashuke yenyewe hadi kwenye sinki. Na maji machafu ya kemia yapite katika bomba la plastiki, maana la chuma litaliwa, yaende kwenye shimo lake mbali na kisima.

Gesi ya mtungi ina tabia ambayo wengi hawaijui. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailaliki darini. Hushuka ikatanda sakafuni ikingoja kiberiti. Kwa hiyo mtungi ukae nje ndani ya kizimba cha nondo, na ukutani, chini kabisa, pawe na matundu ya kutolea hewa. Madirisha yawe pande mbili. Milango iwe miwili nayo ifunguke kwa nje, maana watoto hamsini wakikimbia moshi huusukuma mlango, hawauvuti. Meza zijengwe kwa zege na vigae juu. Mbao zitaungua na kuoza.

Karakana yataka umeme wa njia tatu, waya wa ardhi uliopimwa na fundi mwenye leseni, na swichi kuu iliyo karibu na mkono wa mwalimu. Nyanda hizi za radi zataka pia kinga ya radi. Si lazima kujenga upya: darasa la zamani lenye sakafu nzito na mlango uliopanuliwa ili injini ipite laweza kutosha. Na injini zipo! Wenye gereji mliopo hapa, ile injini iliyokufa mnayoikalia wakati wa chai, ipelekeni shuleni. Watoto waifungue, waifunge, waifungue tena. Na binti afungue sawasawa na kijana. Nati haimjui mwanamke wala mwanamume.

Kuna neno dogo juu ya kufuli. Yako maabara yenye vifaa lakini mwalimu huogopa kuifungua, kwa kuwa chupa ikivunjika yeye ndiye wa kuulizwa. Chupa itavunjika. Kamati itenge fungu la vitu vya kuvunjika kama mama anavyojua kwamba mwaka hauishi bila kununua vikombe. Na tuombe kwa sauti moja tupewe fundi sanifu wa maabara, maana mwalimu mmoja hawezi kuandaa, kufundisha, kuosha na kulinda.

Hapo Mbozi, safari fupi tu, kuna kimondo cha chuma ambacho wageni hutoka Ulaya kukitazama. Watoto wetu hupelekwa, hupiga picha, hurudi. Wangekuwa na mizani na chombo cha kupimia maji, wangeweza kupima kipande cha chuma cha kawaida, wakatafuta uzito wake kwa ujazo, kisha wakakadiria wenyewe jiwe lile la mbinguni lina tani ngapi, kwa kulipima urefu na upana kwa utepe. Somo zima la fizikia limelala pale juu ya udongo.

Mwisho twasema juu ya fedha, kwa kuwa twajua ndilo mnalolingoja. Tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo, na hakuna mtoto wa kufukuzwa kwa ajili ya mchango. Mzazi atoe kwa hiari yake, au asitoe. Lakini wako wazazi wanaouliza michango ya maabara ya miaka ile ilikwenda wapi, na hao wana haki ya kujibiwa kwa karatasi, wala wasiitwe wapinga maendeleo. Utaratibu wa kutumia mafundi wa mitaani umetupa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Mifuko ya saruji ikishuka garini, wa mapokezi wahesabu, na hesabu ibandikwe ubaoni siku ile ile pamoja na bei.

Basi twaomba mkutano huu uchague leo watu watano, na wawili kati yao wawe mafundi. Wapewe funguo za kila chumba kilichoandikwa maabara, wakague kenchi, maji, umeme na milango, waandike kilichopo na kilichopungua, na orodha isomwe hapa hapa kabla ya mvua za Novemba. Mafundi bomba na mafundi umeme mliomo humu, tafadhali msitoke kabla ya kuandikisha majina kwa katibu.