Bodi ya Maji Nayo ni Uwanja wa Demokrasia



Tulipodai vyama vingi, wengi tulidhani kura ya Bunge ingetosha. Lakini jiji hili lina funzo lake. Mwaka 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji la Nairobi, ikaweka Tume ya watu walioteuliwa. Hadi uchaguzi wa 1992, mkaaji wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumwuliza habari za mfereji mkavu.

Leo maji yetu yamo mikononi mwa kampuni iliyoundwa mwaka 2003, ambayo ni mali ya Kaunti. Wakurugenzi wake hawapigiwi kura na umma; kwa hiyo nafasi hizo hupita bila sisi kujali, kisha tukalalamika. Mama wa Kawangware hununua maji kwa mtungi, kwa bei ipitayo ile ya mwenye mfereji nyumbani huko Lavington. Hayo si mapenzi ya Mungu. Ni maamuzi ya watu walioketi mezani, nasi hatukuwapo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatambua maji safi kuwa haki. Cha 10 chataka wananchi washirikishwe.

Basi nawasihi: nafasi itangazwapo, mhasibu au mhandisi wa parokia yenu na aombe. Asifuate marupurupu. Awaeleze waliomtuma, kwa kadiri sheria iruhusuvyo, jinsi bei zinavyopangwa na zabuni zinavyotolewa. Akinyamaza, mwiteni ajibu.