Tutakwenda kwa Mwendo wa Nani?

Leo hatukuja kwenu na mambo makuu. Twataka kusema nanyi habari za viatu, unga, maturubai na nyayo za watu, maana sisi wa kikundi kimoja cha parishi yetu hapa Kisumu, vijana kwa wazee, tunajiandaa kwa safari ndefu ya miguu. Na katika kujiandaa huko tumeonywa jambo ambalo hatukulitafuta.

Safari yenyewe ni ya kwenda Namugongo, Uganda, mahali walipochomwa moto wafuasi wa Kristo tarehe 3 Juni 1886, Waanglikana na Wakatoliki pamoja, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Twatoka Kisumu kupitia Kisian, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala hadi mpakani Busia, kiasi cha kilometa 110. Kisha Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono. Jumla ni karibu kilometa 300. Tukienda kilometa 25 kwa siku, ni siku kumi na mbili, na Jumapili moja ya kupumzika. Tutaondoka tarehe 20 Mei, Mungu akipenda.

Najua wako wasikilizaji watakaouliza kama kutembea hivi ni desturi ya Waprotestanti. Jibu letu ni fupi. Hatuendi kununua neema kwa malengelenge. Twaenda kukumbuka, na twaenda kwa miguu kwa sababu wale tunaowakumbuka walipelekwa huko kwa miguu. Asiyetaka kutembea, basi lipo, wala hatumhukumu.

Tulianza vibaya. Mwezi wa Septemba kamati yetu iliketi ikaandika mchango wa Sh 7,500 kwa kila mtu. Ndani yake mlikuwa na fulana zenye maandishi, gari la kukodi la kufuata nyuma na mizigo, mahema mapya, na vyumba vya kulala Busia na Jinja. Jumapili ile walijiandikisha watu 31. Baada ya wiki mbili tukabaki 17. Hakuna aliyesema hana fedha. Mmoja alisema ana kazi, mwingine ana mgonjwa nyumbani, mwingine goti. Sisi tukasikitika juu ya ulegevu wa watu wa siku hizi!

Mama mmoja auzaye omena sokoni ndiye aliyetufumbua macho. Alisimama mwisho wa mkutano akasema, “Wanangu, hiyo fulana itambeba nani akichoka?” Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema, “Nyinyi mmeandika safari ya watu wenye mshahara, halafu mkaitangaza kanisani.”

Twaujua mfano wa Bwana katika Luka 14, habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza aketi ahesabu gharama. Tumezoea kuuhubiri mfano huu kana kwamba kuhesabu ni kuongeza. Usiku ule tulihesabu kwa kupunguza. Fulana zikafutwa. Gari likafutwa. Vyumba vikafutwa, na badala yake tukaandika barua kwa wachungaji walio njiani, tukiomba sakafu ya kanisa au uwanja wa kupiga turubai. Mahema mapya yakafutwa. Tukaazima mawili kwa ajili ya akina mama, na sisi wengine tukanunua maturubai mawili na kamba. Mchango ukashuka hata Sh 3,200, pamoja na nauli ya basi la kurudi, nao ukagawanywa Sh 100 kila Jumapili kwa muda wa majuma 32. Watu wakarudi. Tukawa 28. Tukamshukuru Mungu, tukajiona tumekwisha kuwa wenye hekima.

Basi tukaanza mazoezi. Mwanzoni tulikwenda Dunga na kurudi, mwendo wa kupasha miguu moto tu. Vijana walipendezwa na upepo wa ziwa, wakataka tulale pale ufukweni siku moja. Wavuvi wakatuonya: kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hema lililo katika njia yake si kitu kwake. Tena mahali penye maji yaliyotulia na majani, pana konokono waenezao kichocho, kwa hiyo hata kuoga pale si vyema. Ziwa ni zuri sana kwa kutazama. Kulala, afadhali mbali kidogo, palipoinuka, na chandarua juu yako, maana malaria ya pande hizi haina huruma kwa msafiri.

Mwezi wa Novemba tukaenda Maseno. Wanaoijua barabara hiyo wajua kwamba baada ya Kisian huna tambarare tena. Unapanda, na jua linapanda pamoja nawe. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukifuata upande wa kulia ili tuyaone malori yanayotujia, tukafika Maseno karibu na mstari wa Ikweta kabla ya saa tano. Tulipiga makofi. Tuliimba. Mmoja wetu alisema kwa mwendo huu Namugongo tutafika kwa siku tisa.

Katikati ya wimbo tuliona ndugu yetu mmoja, fundi wa baiskeli huko Kondele, ameketi peke yake chini ya mti, hataki kuvua viatu. Mzee wa kanisa alipomlazimisha, soksi ilitoka na ngozi. Viatu vilikuwa vya kuazima, tena vidogo kwa namba moja. Tangu Kisian alikuwa akitembea juu ya kidonda, naye hakusema neno.

Tulimrudisha kwa matatu. Mguu ukavimba, akakaa nyumbani siku tisa. Fundi wa baiskeli hana likizo. Asipofungua mahali pake chini ya mwembe, hapana chakula jioni, naye ana watoto wanne. Siku ya tatu tulikwenda kumtazama. Tuliimba nyimbo mbili, tukamwombea, tukaondoka. Hatukubeba hata kilo moja ya unga. Yule mama wa omena alitutangulia na unga, na alitutazama mlangoni kwa namna ambayo hatujaisahau.

Tulipomwuliza ndugu yetu kwa nini hakusema, alijibu, “Mchungaji, nyinyi mlikuwa mbele. Niliona nikisema simameni, nitakuwa mzigo.” Na tulipomwuliza habari za viatu, akasema kwamba fedha ya viatu ndiyo aliyokuwa akiitoa kila Jumapili. Ile Sh 100 yetu ndogo! Tulikuwa tumepunguza gharama ya safari kwa hesabu nzuri, na kumbe kwa mtu mmoja gharama ile ilikuwa imeshuka mpaka miguuni.

Wapenzi, katika Mwanzo 33 iko habari ambayo twaipita haraka, kwa kuwa macho yetu yako kwa Esau na Yakobo wakikumbatiana. Baada ya kilio na busu, Esau anataka waondoke pamoja, naye ana wanaume mia nne, watu wa mbio. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwambia nduguye kwamba watoto ni wachanga, na wanyama wananyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja kundi litakufa. Atangulie bwana wake. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto. Yakobo alikuwa mtu mwenye hila nyingi, nasi hatumsifu kwa yote. Pengine hata siku ile alikuwa akimkwepa Esau. Lakini hesabu ile aliifanya sawasawa. Hakuuliza mwenye nguvu aweza kwenda kilometa ngapi. Sisi Maseno tulikuwa kundi la Esau.

Tumekumbuka pia msafara mwingine, uliopita pande zetu hizi kabla ya reli na lami. Mwezi wa Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda Buganda kwa miguu, pamoja na Mchungaji William Jones na wapagazi wapatao 200. Mpagazi wa siku zile alibeba karibu kilo 30 kichwani, na sisi tunanung'unika kwa mfuko wa kilo saba. Mwezi wa Oktoba, walipofika kwa Sundu, mji tunaouita leo Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa huko Busoga, na wengi wa wapagazi wake pamoja naye. Mahali penyewe, Kyando, hapako mbali sana na njia yetu.

Hayo mengi wenu mwayajua. Lakini Jones je? Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa Nasik, Bara Hindi, na Askofu alikuwa amemwekea mikono mwaka ule ule. Habari za kifo zilipomfikia, alikuwa na watu wenye hofu, chakula kidogo, na njia yote ya kurudi pwani. Aliwaongoza hata wakafika Rabai mapema mwaka 1886. Vitabu vimempa Askofu kurasa nyingi, wala hatusemi vibaya. Lakini tunaojiandaa kwa safari twapenda kumtazama kwa makini yule aliyewarudisha watu nyumbani.

Basi tuliketi tena, tukabadili mambo. Kwanza viatu. Mfuko wa kikundi sasa huanza na viatu kabla ya sufuria. Tulikwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili baada ya ibada (mtatusamehe), tukachagua mitumba mizuri, kila mtu akijaribu akiwa amevaa soksi mbili, na nafasi ya kidole mbele, kwa kuwa mguu huvimba njiani. Hakuna kiatu kinachovaliwa safari ndefu kabla ya kuvaliwa mwezi mzima kwenda kazini na sokoni. Miguu hupakwa mafuta ya mgando asubuhi.

Pili, kila saa moja tunapumzika dakika kumi, na kila mtu huvua viatu. Kila mtu, hata mchungaji, hata yule asiyeumwa. Hiyo ndiyo kanuni iliyotugharimu zaidi, maana iko aibu katika kuonyesha unyayo. Bwana aliwaosha wanafunzi miguu, nasi twalisoma jambo hilo kila mwaka, lakini hatukujua kwamba Petro alikuwa na haki ya kuona haya mpaka tulipotazamana soksi zetu zilizotoboka kando ya barabara kuu. Penye wekundu tunabandika plasta mara moja. Lengelenge hatulipasui.

Mwezi wa Machi tulilala nje mara ya kwanza, uwanjani mwa kanisa moja huko Seme, karibu na Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, yapata kilometa 30 kutoka mjini kwa barabara ya Bondo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na hizo ndizo zitakazotufuata mwezi wa Mei. Ilinyesha saa nane za usiku. Turubai moja tulilifunga bondeni kwa kukosa akili, maji yakaingia, unga ukalowa, asubuhi tukanywa uji wa lazima. Sasa tunatafuta mwinuko kwanza, tunachimba mfereji mdogo, na unga na kiberiti hukaa katika mkebe wenye mfuniko. Nyoyo ni chakula kizuri siku ya kwanza, lakini kwa joto letu siku ya pili huchacha. Omena waliokaushwa vizuri na kukaangwa bila maji hukaa, tena ni wepesi, na njugu karanga pia. Viazi vitamu na ndizi tutanunua njiani. Maji ya kunywa yanachemshwa jioni, au yanatiwa dawa ya klorini, hata kama mwenye kisima anaapa kuwa ni safi. Mpakani kila mtu awe na kitambulisho chake, na tumeagizana kuuliza mapema habari za cheti cha homa ya manjano.

Mwezi wa Aprili tulirudi Maseno. Safari hii tulimwomba yule fundi atangulie, na mtu yeyote asimpite. Vijana wetu wenye miguu mirefu walipata taabu kweli kweli. Mmoja alisema ni kama kuendesha lori nyuma ya mkokoteni. Tuliondoka saa kumi, giza likiwa bado, na fulana za kung'aa za mafundi wa barabara tulizoazima. Pale mlima unapoanza, bado dakika ishirini kabla ya saa kutimia, fundi aliinua mkono.

“Ndugu zangu,” akasema, “simameni. Nasikia moto kisiginoni.”

Akaketi juu ya jiwe akavua kiatu. Nasi tukaketi katika nyasi zenye umande, watu 28 na miguu 56, tukavua, na yule mama wa omena akapita akigawa karanga. Tulifika Maseno saa sita kasoro robo.