Waridi Lisilonukia: Elektrodi, Ubongo na Harufu



Wengi wenu wakazi wa Karagita, mnaofanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, mmeshika mawaridi kuliko profesa yeyote wa botania. Mnajua kwamba mengi ya yale yanayopita pakihausi hayanukii, au hunukia kwa mbali tu. Waliozalisha aina hizo walitaka shina refu, rangi, na ua litakalodumu siku nyingi kwenye chombo. Harufu ikapotelea njiani. Hata hivyo anayepewa shada huliinamia kwanza, akavuta pumzi. Anatafuta nini? Nadai kwamba sehemu kubwa ya anachokitafuta anacho tayari kichwani.

Tuanze puani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walitambua ukoo mkubwa wa jeni za vipokezi vya harufu katika panya, takriban 1,000. Binadamu tunazo zinazofanya kazi kama 400. Kipokezi kimoja hupokea molekuli za namna nyingi, na molekuli moja huamsha vipokezi vingi. Ukichomeka elektrodi moja, yaani waya mwembamba unaosikiliza umeme wa seli, kwenye seli moja, utapata habari ya seli hiyo tu. Harufu imetawanyika.

Kwa mdudu, elektrodi chache zimetufikisha mbali. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliunganisha vipapasio vya mbung'o na elektrodi, wakavipitishia mvuke wa mwili wa kuro, mnyama yuleyule mnayemwona akila nyasi kando ya ziwa letu. Kipapasio kiliwaonyesha ni kemikali zipi mbung'o anazihisi. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mchanganyiko wa kumfukuza mbung'o, ukavishwa ng'ombe shingoni huko Shimba Hills, na maambukizi ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, yakapungua sana. Najivunia kazi hiyo. Lakini kipapasio ni mlango tu. Hakisemi ndani kunaamuliwa nini.

Aliyesikiliza ndani kwa subira ni Walter Freeman wa Berkeley, Marekani. Alitandaza elektrodi 64, safu nane kwa nane, juu ya balbu ya kunusia ya sungura, sehemu ya ubongo inayopokea kwanza ishara za pua. Sungura alipovuta pumzi, wimbi lilelile lilionekana kwenye elektrodi zote. Kilichotofautiana ni nguvu zake, hapa juu, pale chini, kama ramani ya miinuko. Freeman aliwafunza sungura kutambua harufu ya vumbi la mbao, ramani ikatokea. Akawafunza harufu ya ndizi. Kisha akarudisha vumbi lilelile la mbao, na ramani haikuwa ile ya kwanza! Kemikali haikubadilika. Aliyebadilika ni sungura, kwa sababu sasa alikuwa amejifunza jambo jingine.

Matokeo hayo bado hunisisimua kila ninapoyafundisha.

Vyombo vimeboreka tangu hapo. Kipo kijiti cha silikoni, chembamba kuliko unywele, kinachosikiliza sehemu 384 kwa pamoja. Mwaka 2018 Kevin Bolding na Kevin Franks wa Chuo Kikuu cha Duke walirekodi balbu ya panya na gamba lake la kunusia, sehemu ya ubongo inayopokea ishara kutoka kwenye balbu, kwa wakati mmoja. Waliona kwamba ishara zinazowahi kufika kwenye gamba huzima zinazochelewa, ndiyo maana harufu hubaki ileile iwe kali au hafifu.

Na binadamu? Huko Bonn, Ujerumani, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi kwa ajili ya matibabu walikubali kunusishwa vitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: seli za gamba la kunusia ziliitikia harufu, na baadhi ziliitikia hata picha ya kitu chenye harufu hiyo.

Basi anayeliinamia waridi la Naivasha lisilonukia huenda ubongo wake umeshaanza kunusa kabla pua haijafika. Ningependa kujua kama hivyo ndivyo ilivyo kwa dada aliyelikata, ambaye kwa miaka waridi kwake limekuwa na harufu ya dawa, maji baridi na katoni. Swali hilo linapimika, na watu wa kulijibu wanaishi hapa Karagita.