Mkasi wa Adui

Leo tuongee kuhusu mikasi. Si ile ya fundi cherehani, ni midogo sana, haionekani kwa macho.

Umewahi kumwona mtu akipaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki? Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini. Kazi yake ni kukata protini, ndiyo maana nyama inalainika. Wewe nawe unavyo vya aina hiyo. Tumboni kuna pepsini, inayokatakata maharage na dagaa ulivyokula. Ukijikata kidole, thrombini hukata protini fulani ya damu ili damu igande. Bila mikasi hii hatuishi.

Lakini adui naye ana wake. Virusi vya UKIMWI (VVU) vikiingia kwenye seli, huilazimisha itengeneze protini ndefu, kama kitambaa ambacho bado hakijakatwa. Mkasi wa VVU, uitwao protiasi, huikata vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyokamilisha kirusi kipya. Mkasi ukizuiwa, kirusi kinatoka kichanga, hakiwezi kuambukiza seli nyingine.

Wanasayansi wakalenga hapo hapo. Desemba 1995 Marekani iliidhinisha sakwinaviri, dawa ya kwanza ya kuuziba mkasi huo. Leo tunazo nyingine, kama atazanaviri na darunaviri. Mara nyingi hutolewa pale dawa za mwanzo zinaposhindwa.

Na kwa nini dawa zishindwe? Sikiliza, wewe unayeficha vidonge bwenini kwa kuona aibu. Ukiruka siku mbili tatu, dawa inapungua mwilini na VVU wanaanza kuzaliana. Wakizaliana hukosea kujinakili, na makosa mengine huwafaa wao: dawa haiwashiki tena. Huo ndio usugu. Usinyamaze. Mweleze matroni, mwalimu unayemwamini au muuguzi wa kliniki, mpange pamoja mahali na saa ya kumeza.

Na wewe usiyemeza, kicheko chako kinaweza kumfanya mwenzako aache dawa. Tena ujue: anayemeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mtu kwa kujamiiana. Kula naye, cheza naye, soma naye.

Mkasi wa adui haupumziki, hata siku ya mtihani. Dawa nayo isipumzike.

Haya, nani ana swali?